Mbao Zilizosikika Kabla ya Kufika

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yangu Murdena Beaton, jioni moja ya Kwaresima mwaka 1974, tukiwa tunamenya viazi jikoni mle mle mambo yalimotokea. Kabla ya hapo hakuwahi kuitaja. Baada ya hapo aliirudia mara moja tu, mjomba Hector alipokuja kutoka Boston, ili mjomba amsahihishe. Walipishana mahali pawili, nami nitasema ni wapi. Mengine yote walikubaliana, na ninayaandika kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa Novemba 1951, hapa kisiwani kwetu Cape Breton, mwezi ambao kanisani tunawaombea marehemu. Murdena alikwenda stesheni na mkokoteni wa farasi kumpokea Hector na kuchukua mzigo. Kulikuwa na papi, zile mbao nyembamba za kupigilia darini. Kulikuwa na mabapa ya jipsamu na mifuko ya lipu. Na kulikuwa na mbao pana za msonobari ambazo Lauchie, kaka yake Murdena, aliziagiza bila kusema ni za nini.

Lauchie ni baba yangu. Hector alikuwa kaka wa mama yangu, Johena. Alikuwa fundi wa madari, mikono mirefu, maneno mengi.

"Murdena," alisema alipomwona farasi, "huyu mmemfukua wapi?"

"Panda, shemeji. Yeye anavuta mzigo, havuti maneno. Ungekuwa mzigo wa maneno angeshakufa."

Walicheka njia nzima. Shangazi alilitaja hilo kwa makusudi, kwamba walikuwa wakicheka. Walifika nyumbani giza likianza kushuka juu ya miti. Johena alikuwa amesimama mlangoni, kanibeba ndani ya shali. Nilikuwa na wiki chache tangu kuzaliwa.

"Mbona mnashusha mara mbili?" aliuliza.

"Kushusha nini, wifi?"

"Mbao. Nimezisikia tangu alasiri. Huko juu. Zinawekwa moja juu ya nyingine, taratibu… Nikasema Hector kafika, mmepitia mlango wa nyuma."

Mkokoteni ulikuwa bado umejaa. Kamba ilikuwa haijafunguliwa.

Hector alicheka. Murdena hakucheka.

Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua maana ya sauti kama hiyo. Kabla mtu hajafa, kazi ya jeneza lake husikika. Unasikia msumeno, au randa, au mbao zikilazwa mahali ambapo hakuna mtu. Tunaiita kitangulizi. Na nyumba yetu ilikuwa na sababu ya kuiamini. Machi ya mwaka ule ule, mama akiwa na homa kali katika chumba cha chini, alisikia misumari iking'olewa juu ya kichwa chake. Mmoja. Kimya. Mwingine. Haikupita Jumapili, dada yangu Peigi akafa kwa kifaduro katika chumba kilicho juu ya jikoni. Alikuwa na miaka sita.

Kwa hiyo Johena aliposikia mbao kabla hazijafika, hakuuliza ni za nani. Alinikumbatia zaidi.

Mezani walikula viazi na samaki wa chumvi. Murdena, ili kuliondoa lile jambo kifuani, alimwambia kaka yake alichosikia mkewe. Kikombe cha Lauchie kilisimama katikati ya njia. Shangazi aliniambia kwamba watu wanaposikia habari za kitangulizi hufanya ishara ya msalaba, au hutazama chini. Lauchie hakufanya hivyo. Alitazama dari, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Upepo," alisema.

"Upepo unajua kupanga mbao, Lauchie?" aliuliza Johena.



Hector alisimama juu ya kiti na kuanza kugonga dari kwa mpini wa mwiko. Dari lile lilikuwa la zamani, lipu iliyoshikwa na fito. Hapa likalia zito, hapa likalia kama ngoma. Katikati, juu ya meza, lilikuwa limetuna kuelekea chini kama tumbo la ng'ombe. Kipande chake kimoja, kikubwa kama ngumi, kilikuwa kimeanguka wiki iliyotangulia kikatua ndani ya susu yangu, kile kitanda cha kichanga, pembeni ya kichwa. Ndiyo sababu Hector aliitwa.

"Lipu imeachia fito," alisema. "Hapa katikati nitaibomoa. Kwingine nitapigilia papi juu yake, kisha jipsamu, kisha lipu mpya. Dada, utakuwa na dari laini kuliko yai."

"Usipaguse hapo katikati leo," Johena alisema.

"Kwa nini?"

Aliinuka na kumsogelea. Alinong'ona, lakini jikoni ilikuwa ndogo.

"Jioni ninamsikia, kaka. Anatembea na soksi. Anatoka kitandani hadi dirishani, anarudi. Lauchie alikipigilia misumari kile chumba, sijaingia tangu Machi. Hapa chini ndipo ninapompata. Ukishaweka jipsamu… sitamsikia tena."

Hector alishuka kwenye kiti. 

"Na huyu mdogo?" aliuliza hatimaye. "Siku lipu ikimwangukia usoni?"

"Ndiyo maana nimekubali uje. Usidhani sijachagua. Nimechagua. Ila niache nilie."

Asubuhi Murdena alimkuta wifi yake akipiga pasi gauni jeupe la ubatizo. Mimi nilikuwa nimeshabatizwa.  Murdena alimnyang'anya pasi, akairudisha jikoni kwenye jiko la kuni, wakasimama wakitazamana.

"Atahitaji kitu safi," Johena alisema.

"Mtoto hana hata mafua, wifi!"

"Na mbao zimeshasikika."

Kazi ilianza. Hector aliniweka mbali na vumbi, susu yangu ikawa upande wa jiko. Alipiga misumari kwenye kuta, akavuta nyuzi kutoka ukuta hadi ukuta, zikakatiza jikoni chini ya dari kama kamba za kuanikia nguo. Johena alisimama mlangoni akitazama.

"Nyuzi za nini?"

"Dari halibembelezwi lipande juu," alisema Hector. "Natafuta palipozama kuliko pote. Uzi unapita hapo, ukigusa tu. Halafu pengine pote nashusha papi kwa kabari, pafanane napo. Nyumba nzima inafuata palipozama."

"Kama hii yetu," alisema Johena, akaenda zake chumbani.

Uzi wa katikati uligusa lile tuno la juu ya meza, ukapita. Wote wawili walishuhudia. Kisha wakanywa chai na mikate ya shayiri, Hector akimsimulia Murdena habari za mwenye nyumba wake wa Boston aliyekuwa akihesabu viazi kwenye sahani za wapangaji. Walipoinua macho, uzi wa juu ya meza ulikuwa umenyooka peke yake. Haukugusa kitu.

Uzi wa upande wa jiko ulikuwa umepinda.

Ulikuwa umesukumwa kwenda chini, kama umetundikwa shati bichi.

"Nani amegusa uzi wangu?"

"Nani akuguse wewe na nyuzi zako?"

Hector alipanda ngazi. Dari juu ya jiko, lililokuwa bapa asubuhi, lilikuwa limeshuka. Hakuna ufa. Hakuna vumbi sakafuni. Alilipapasa kwa kiganja, akakiondoa haraka.

"Ni baridi," alisema. Jiko lilikuwa likiwaka chini yake.

Alikaa kwenye ngazi akifikiri. Kisha akatazama susu yangu.

"Murdena. Msogeze mtoto kule dirishani."

"Kwa nini?"

"Msogeze tu."

Alinisogeza. Wakangoja. Kwanza zilisikika chembe za lipu zikitiririka mahali fulani ndani ya dari, kama mchele kwenye ungo. Halafu ikaja harufu. Mafuta ya bata bukini na tapentaini, dawa wanayopakwa kifuani watoto wenye kifaduro. Nyumba ile haikuwa na chupa yake. Johena aliitupa mtoni Machi.

Uzi wa juu ya jiko ulinyooka.

Uzi wa dirishani ulianza kushuka.

Polepole… kama goti la mtoto linapokandamiza godoro, anapoinama kuchungulia.

Hector alivua kofia.

 Alirudi katikati, mahali pa zamani, akaipiga ile lipu iliyoachia, ikaanguka juu ya meza kwa vishindo, fito na vyote. Vumbi lilipotulia aliingiza kichwa katikati ya boriti na taa mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyopasa. Aliposhuka, vumbi usoni mwake lilikuwa na michirizi miwili.

"Lauchie yuko wapi?"

"Zizini."

Alikwenda bila koti. Murdena alinipeleka kwa mama chumbani, kisha akamfuata.

Lauchie alikuwa anawapa ng'ombe nyasi. Zile mbao pana za msonobari alikuwa ameziegemeza ukutani, kazifunika gunia.

"Sakafu ya juu iko wapi?" Hector aliuliza.

"Unajua iko wapi."

"Nimeona boriti tupu. Nimeona mbao za ovyo zimelazwa juu yake bila msumari. Na nafasi nimeiona urefu wake. Nataka uniambie wewe."

Lauchie aliuweka chini uma wa nyasi.

"Iko makaburini na Peigi. Barafu ilifunga bahari, theluji ikafunga njia. Sikuwa na ubao hata wa kufunikia ndoo. Nikang'oa sakafu ya chumba chake."

"Kaka," alisema Murdena, "hiyo nayo ni ya kuficha? Nani angekulaumu?"

"Sikungoja afe."

Ng'ombe walikuwa wakitafuna. Shangazi alisema hakuna sauti aliyoichukia maishani mwake kama ile ya ng'ombe kutafuna.

"Nilijua hafiki Jumapili," Lauchie aliendelea. "Johena alikuwa na homa, ana mimba. Nikasema, akiamka asimkute mtoto amelazwa mezani bila kitu. Basi nikaanza kung'oa upande wa ukutani, taratibu, nikidhani Peigi kalala. Akafungua macho. 'Baba, unatengeneza nini?' Nikamwambia kitanda kipya. Akafurahi. Akatazama lile shimo sakafuni, akasema, 'Usiache wazi, baba. Baridi inaingia.'"

Alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Na ile misumari aliyoisikia Johena?" Hector aliuliza.

"Ilikuwa mimi. Hakukuwa na kitangulizi. Aliponiambia alichosikia, nikanyamaza. Kitangulizi hakina mtu wa kulaumiwa. Baba anayempima mtoto wake angali anapumua… huyo angemtazamaje tena?"

"Basi na jana ni wewe!" Murdena alisema. Alisema kwa furaha, kama aliyeokota kitu kilichopotea. "Mbao za jana!"

"Jana nilikuwa msituni nakata kuni, tangu asubuhi. Zile sikuzigusa mimi, ndiyo sababu sikulala." Alizionyesha zile mbao za msonobari. "Niliziagiza nimzibie. Nimpe sakafu yake. Nilidhani ndicho anachotaka."

Murdena alimshika mabega.

"Nenda ukamwambie mkeo. Sasa hivi, kabla ya giza. Anapiga pasi nguo ya kuzikia mtoto mzima, Lauchie! Kwa sababu anaamini nyumba yake ilishamwambia kweli mara moja. Mwambie haikumwambia. Mwambie ilikuwa wewe. Akuchukie, lakini mtoto amrudishe katika walio hai."

"Nakwenda," alisema.

Alinawa mikono kwanza. Shangazi hakuwahi kumsamehe kwa kunawa mikono.

Walivuka ua wote watatu. Jua lilikuwa limezama, na jikoni hakukuwa na taa. Kutoka nje walinisikia nikikohoa. Si kikohozi cha mafua. Ni kile cha kuvuta pumzi ndani kwa mlio, kama jogoo mdogo, kisha kimya, kisha tena… Kila mmoja alikijua. Kilikuwa kimekaa katika nyumba ile majira yote ya baridi.

Kikakatika.

Walipoingia nilikuwa kwenye susu chini ya dirisha, nimevalishwa gauni jeupe. Midomo yangu ilikuwa ya buluu. Juu yangu dari lilikuwa limeshuka hadi uzi ukafika usawa wa vichwa vyao, na harufu ya tapentaini ilikuwa nzito kiasi cha kuchoma macho.

"Johena!" Lauchie aliita.

Mlango wa ngazi ya kwenda chumba cha juu ulikuwa wazi. Misumari aliyoupigilia Machi ilikuwa imelazwa kwenye ngazi ya kwanza, imepangwa kwa mstari. Imenyooka. Hakukuwa na nyundo. Kifaa pekee cha kung'olea misumari kilikuwa mfukoni mwa Hector, naye alikuwa nacho zizini.

Juu, mtu alikuwa anaongea.

"Sogea kidogo, mwanangu," ilisema sauti ya Johena. Ilikuwa tulivu, sauti ya kulaza watoto. "Nipe nafasi. Hivyo… Yule mwache alale. Yule mdogo, hajui hata njia, atakusumbua tu. Mimi nipo."

Hapa ndipo mahali pa kwanza wanapopishana. Murdena alisema baada ya hapo alisikia mtoto akikohoa huko juu, mara moja, basi. Hector alishikilia hadi kufa kwake kwamba alisikia maneno, kwa sauti ya msichana mwenye usingizi.

"Funga, mama. Baridi inaingia."

Lauchie alisikia nini, hakusema. Lakini alianguka kwa magoti kwenye ngazi kama aliyepigwa nyuma ya miguu. Na maneno yale ya baridi, aliyoyasema Peigi Machi, Johena hakuwahi kuambiwa na mtu.

Kisha nyuzi ziliachiwa.

Zikarudi juu.

Ting… ting… ting… moja baada ya nyingine, kutoka dirishani, penye jiko, mezani, kama mtu anayepita huku akizigusa kwa kidole.

Nami nikavuta pumzi. Nikalia. Murdena alisema kilikuwa kilio cha njaa, cha kawaida kabisa, na kwamba alinipakata na kucheka kwa sauti, kwa sababu alikuwa hajajua bado.

Lauchie alimkuta juu. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amelala ubavu katikati ya boriti, ndani ya ile nafasi ya mtoto ambayo mwanamke mzima haenei, na alienea. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa mbele yake kama umemzunguka mtu mdogo. Zile mbao za ovyo zilikuwa zimevutwa juu yake hadi kiunoni, kama blanketi. Shavu lilikuwa bado na joto. Kiganja kilinuka tapentaini.

Daktari alifika siku ya pili. Alisema damu huganda kwa wanawake waliojifungua karibuni ikapanda moyoni, na kwamba wengi huenda hivyo, ghafla, bila maumivu. Yawezekana. Kuhusu mimi alisema sina kifaduro wala dalili yake.

Theluji ilikuwa imeanza. Mbao za jeneza zilizokuwapo ni zile za msonobari alizonunuliwa Peigi za kuzibia sakafu. Lauchie na Hector walizitoa zizini, na kwa kuwa zizi lilikuwa linavuja, wakazipandisha kwenye chumba cha juu zikae pakavu. Murdena alikuwa jikoni na mimi mapajani. Alizisikia juu ya kichwa chake. Zikiwekwa moja juu ya nyingine, taratibu.

Aliniziba masikio mimi badala ya yake mwenyewe.

Mahali pa pili wanapopishana ni usiku wa mkesha, kabla majirani hawajafika. Murdena alisema kaka yake aliinama ndani ya jeneza, mdomo sikioni mwa Johena, akamweleza yote, ya misumari, ya kitanda kipya, ya kwamba hakukuwa na kitangulizi Machi, hakuwa na sababu ya kuamini, hakuwa na sababu ya kupanda. Hector alisema hapana, Lauchie alikuwa anasali Rozari tu. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa nilipoipata hadithi hii, kwa hiyo sikuweza kumuuliza. Ningependa iwe kama alivyosema Murdena.

Baada ya maziko Hector alitaka kurudi Boston.

"Maliza dari," Lauchie alimwambia.

"Shemeji, achana na dari."

"Mtoto yupo. Lipu inaanguka."

Alimaliza. Alipigilia papi, akatia kabari hadi kila moja ikagusa uzi, akapandisha jipsamu, akaziba maungio, akapiga lipu mara mbili. Lilikuwa laini kuliko yai, kama alivyoahidi. Lakini alilipima kwa uzi wa jioni ile, pale uliposhuka kuliko pote, na hakumweleza mtu kwa nini. Ndiyo sababu dari la jikoni petu liko chini hivyo. Wageni warefu huinama wakipita, na huuliza. Tunawaambia nyumba za zamani zilijengwa na watu wafupi.

Ile nafasi ya juu haikuzibwa. Padre alimwomba baba aizibe, na Murdena alimwomba. Baba aliniambia jambo moja tu kuhusu chumba kile, nikiwa na miaka kama kumi, nilipomkuta ameketi kwenye ngazi giza likiingia.

"Mlango usifungwe, mwanangu. Tumefunga vya kutosha."

Nimeishi humu maisha yangu yote. Jipsamu, ikishapigiliwa vizuri juu ya papi kavu, haiteremki. Nimewauliza mafundi, na nimesoma. Novemba iliyopita nilitoa uzi wa Hector kwenye droo, nikauvuta chini ya dari mahali pote, asubuhi, kwa pima maji. Palikuwa bapa. Nikauacha.

Giza lilipoanza kuingia harufu ilikuja. Sikuwasha taa. Chembe zilitiririka ndani ya dari, na uzi ukaanza kushuka, kwanza mezani, halafu penye jiko, mwisho chini ya dirisha. Tuno lilikuwa pana kuliko alilonisimulia shangazi. Upana wa watu wawili waliolala ubavu, mmoja ndani ya mkono wa mwingine.

Nilisogeza kiti changu chini yake. Sikuogopa. Sauti ya mama yangu sijawahi kuisikia, na nilidhani labda… Niliketi nimeinua uso. Nikasema, "Mama, ni mimi." Nikasema jina langu.

Uzi haukutikisika. Ulikaa pale juu ya kichwa changu kwa muda, kisha ukainuka, na tuno likasogea kando, likarudi penye jiko, likaenda mezani, likarudi dirishani. Lilinipita mara tatu. Walimwacha mtoto wa wiki chache mwenye gauni jeupe. Mimi ni mzee wa ndevu, na wao hawajui.

Susu iko darini kwa binamu yangu. Nimempigia simu ailete kabla ya Novemba, niiweke pale pale chini ya dirisha.

Baba yangu, Lauchie Beaton, alifariki mwaka 1969. Mjomba Hector Rankin alifariki Boston mwaka 1988, na shangazi Murdena alimfuata miaka minane baadaye, hapa hapa, katika chumba cha chini. Kati ya wote waliokuwamo nyumbani jioni ile, niliye hai ni mimi peke yangu, na walio juu bado wanatafuta kichanga.